Mbio Safi Hulindwa Nyumbani Kabla ya Maabara

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha wanariadha chipukizi, makocha, wazazi na wauzaji wa dawa mjini Iten.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu dawa za kusisimua misuli. Najua wengi wenu mmeisikia mada hii mara nyingi, na kwa kawaida huelekezwa kwa wakimbiaji tu: usitumie, utakamatwa, utafungiwa. Leo nimefurahi kwamba waliokaa hapa si wakimbiaji peke yao. Maabara hugundua dawa ikiwa tayari imeingia mwilini. Kuizuia isiingie ni kazi ya watu walio katika ukumbi huu, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumzie.

Mwaka 2018 Shirika la Kupambana na Matumizi ya Dawa za Kusisimua Misuli Duniani, WADA, lilitoa ripoti kuhusu Kenya. Ilisema kuwa tangu 2004 hadi Agosti 2018, wanariadha 138 wa Kenya walipatikana na dawa zilizopigwa marufuku. Lakini jambo muhimu zaidi katika ripoti hiyo si idadi. Wachunguzi hawakukuta mpango wa serikali kama ule uliofichuliwa Urusi. Walikuta mambo madogo madogo yasiyo na mpangilio: mwanariadha asiye na elimu ya kutosha kuhusu dawa, mtu wa karibu anayemshauri vibaya, na mhudumu wa afya wa mtaani anayemdunga sindano.

Maana yake ni kwamba tatizo hili halikuletwa na ndege kutoka ng'ambo. Linapita katika mitaa yetu. Na kama linapita mitaani kwetu, sisi tunaweza kulizuia kuliko afisa yeyote wa kigeni.

Acheni nianze na dawa inayotajwa zaidi, EPO. Hii ni homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Figo zikihisi kuwa hewa ya oksijeni imepungua, huitoa homoni hiyo ili uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi. Hapa Iten tuko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Ndiyo sababu wakimbiaji wa dunia nzima hupanda ndege, wakalipa hoteli, wakaja kukimbia kwenye vumbi letu. Wanatafuta kile ambacho mtoto wa hapa amezaliwa nacho.

EPO ya kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, hasa wale ambao figo zao zimeshindwa na damu yao imepungua. Mgonjwa wa figo hupewa kwa kipimo, chini ya uangalizi wa daktari. Kijana mwenye afya akidungwa kisirisiri, damu yake huwa nzito. Usiku, moyo unapopiga polepole, damu hiyo inaweza kuganda. Hapo ndipo mshtuko wa moyo na kiharusi hutokea. Basi fikirieni: mtoto aliyezaliwa kwenye hewa hii analipa pesa ili adungwe kitu ambacho mlima unampa bure, kisha anahatarisha maisha yake kwa ajili hiyo.

Lakini si kila kesi huanza na sindano. Nyote mnamjua Ruth Chepngetich. Tarehe 13 Oktoba 2024, mjini Chicago, alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Miezi mitano baadaye, Machi 2025, alitoa sampuli ya mkojo iliyokutwa na haidroklorothiazaidi. Jina hilo ni refu, lakini dawa yenyewe iko katika nyumba nyingi za kaunti hii. Ni dawa ya presha. Nyanya zetu huimeza kila asubuhi na chai. Imepigwa marufuku michezoni kwa sababu humfanya mtu akojoe sana, na kwa hivyo inaweza kuficha dawa nyingine.

Chepngetich alieleza kwamba alikuwa mgonjwa akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Kiwango kinachoruhusiwa kupita bila hatua ni nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikutwa na 3,800. Oktoba 2025 Kitengo cha Uadilifu katika Riadha, AIU, kilitangaza kwamba amefungiwa miaka 3. Rekodi ya Chicago imebaki kwa sababu iliwekwa kabla ya sampuli hiyo. Sikuja hapa kumhukumu mara ya pili. Ninachotaka mzazi aliye hapa akione ni hiki: hata ukichukua maelezo yake mwenyewe jinsi yalivyo, hayamwondolei lawama. Sheria za michezo zinasema kilichomo mwilini mwa mwanariadha ni jukumu lake, awe amekijua au hakukijua.

Kwa hivyo mama, baba, mwanao anayekimbia akiumwa kichwa, usimpe kidonge kilichobaki kwenye droo. Usimgawie dawa ya jirani. Upendo wa mzazi hauandikwi katika matokeo ya maabara.

Sasa nigeukie upande wa wenye maduka ya dawa na kliniki. Katiba yetu, katika Jedwali la Nne, imeweka vituo vya afya vya kaunti na famasia katika majukumu ya serikali za kaunti. Kupima wanariadha ni kazi ya shirika la kitaifa, ADAK, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Lakini kaunta ambapo dawa inanunuliwa iko hapa, katika mji huu. Hatuwezi kusema kwamba hili ni jambo la Nairobi.

Mfano ni sindano ya triamsinoloni, ambayo daktari anaweza kuitoa kihalali kwa goti au kifundo kilichovimba. Tangu tarehe 1 Januari 2022, sindano zote za dawa za kundi hilo zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Mshindi wa Boston Marathon ya 2021, Diana Kipyokei, alipatikana nayo na akafungiwa miaka 6, kwa sababu pia alitoa maelezo na karatasi za hospitali ambazo hazikuwa za kweli. Ushindi ulikwenda kwa Mkenya mwenzake, Edna Kiplagat.

Angalieni jambo hilo la karatasi. Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, kule Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata alikutwa na EPO, akafungiwa miaka 4. Alipojitetea kwa rekodi za matibabu zisizo za kweli, adhabu ilifika miaka 8. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka 4 kwa kukosa vipimo na kwa kutoa ushahidi wa uongo. Alisema ajali ya barabarani ilimzuia kupimwa mwezi Mei 2019, akatoa picha ya lori lililopinduka. Ikagunduliwa kuwa ajali hiyo ilitokea Agosti. Cha kuvunda hakina ubani.

Ninawauliza wahudumu wa afya kwa heshima: kijana akija kwako siku ya tatu baada ya kupimwa, akiomba karatasi yenye tarehe ya nyuma, utafanya nini? Ukimwandikia, humsaidii. Unamwongezea miaka.

Wako wanaosema kwamba wanaoumia ni mabeberu waandaji wa mashindano, na pesa ni zao. Si kweli. Anayeumia kwanza ni aliyekimbia nyuma yako.

Mwaka 2008 mjini Beijing, Asbel Kiprop alimaliza wa pili katika mita 1,500, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Ramzi akagunduliwa ametumia dawa, na dhahabu ikaja kwa Kiprop baadaye, uwanja ukiwa umeshafungwa na watu wameshakwenda nyumbani. London 2012, Pamela Jelimo alimaliza wa nne katika mita 800. Mrusi Mariya Savinova aliyetwaa dhahabu alinyang'anywa mwaka 2017, na Jelimo akaingia katika orodha ya medali. Miaka hiyo mitano haikurudi. Wakenya waliibiwa, na tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika.

Basi tukasirike pia pale mwizi anapokuwa wetu. Mwaka 2014 Rita Jeptoo alishinda Boston. Aliyemfuata alikuwa Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyetumia saa 2, dakika 19 na sekunde 59. Jeptoo alikutwa na EPO mwaka huohuo, na hatimaye ushindi ule ukafutwa, akapewa Deba. Lakini miaka ilipita bila Deba kuona zawadi ya mshindi. Na Kiprop niliyemtaja, aliyeonewa Beijing, mwaka 2019 alifungiwa miaka 4 kwa EPO, ingawa alikana wakati wote wa kesi. Uchungu wa kuibiwa haumkingi mtu asishukiwe kesho.

Najua shinikizo lililopo. Leo mshindi wa Boston hupata dola 150,000, karibu shilingi milioni 19. Kwa kijana ambaye baba yake anauza maziwa kwa lita, hiyo ni shamba, nyumba na karo ya ndugu wote. Kisha anatokea mtu anayejiita meneja, anamwambia, "Wenzako wote wanatumia." Kijana, mtu akikwambia hivyo, muulize akitajwa mahakamani atasimama nawe? Orodha ya waliofungiwa imejaa majina ya wakimbiaji. Majina ya waliowauzia ni machache mno.

Na msiwachukie wanaokuja kupima alfajiri. Tangu 2018 Kenya imo katika kundi la nchi zinazoangaliwa kwa ukali zaidi. Mkimbiaji wetu hawezi kwenda Olimpiki au mashindano ya dunia bila kupimwa kwa kushtukiza angalau mara 3 katika miezi 10 kabla ya mashindano. Aliye katika orodha ya kupimwa lazima aseme kila siku atakuwa wapi kwa saa 1. Akikosa mara 3 ndani ya miezi 12, anaweza kufungiwa hata kama hakumeza chochote. Ni kero, lakini kipimo hicho ndicho ushahidi wako. Bila hicho, ukishinda utasema nini watu wakikunong'ona?

Mwaka 2022 tulifika ukingoni. Kulikuwa na wasiwasi wa kweli kwamba nchi nzima ingefungiwa, mwenye hatia na asiye na hatia. Serikali ya kitaifa iliahidi dola milioni 25 kwa miaka 5 ili kupanua vipimo na elimu. Pesa hizo zinaweza kununua vifaa na kulipa wapimaji. Haziwezi kukaa jikoni kwako wala nyuma ya kaunta yako.

Ninamalizia kwa maombi manne mepesi. Mwenye duka la dawa, kabla hujauza, muulize mnunuzi: "Wewe ni mwanariadha?" Ni swali la sekunde mbili. Daktari, mkimbiaji akihitaji dawa iliyo kwenye orodha, mweleze kwamba kuna kibali cha matibabu kinachoombwa, na umwandikie ukweli. Kocha, chupa isiyo na lebo isiingie kambini, hata ikiitwa vitamini. Na wewe mwanariadha, usiposomewa jina la dawa ukalielewa, usiimeze. Uliza ADAK kwanza. Orodha ya dawa zilizopigwa marufuku hubadilika kila mwaka, kwa hivyo jibu la mwaka jana halitoshi.

Paris 2024, Kenya ilirudi na medali 11. Beatrice Chebet alipata dhahabu mbili, Faith Kipyegon akashinda mita 1,500 kwa Olimpiki ya tatu mfululizo, na Emmanuel Wanyonyi akashinda mita 800. Walipokuwa wakikimbia, tulisimama mbele ya televisheni tukapiga kelele mpaka majirani wakaja. Furaha ile inataka jambo moja tu: tuwe na uhakika kwamba kilichotufikisha pale ni miguu, mapafu na asubuhi za baridi.

Uhakika huo hautoki maabara. Unatoka kwenu.