Taka za nyuklia: hiyo "hifadhi ya muda" ni muda gani?

(Hotuba kwa vijana wetu wa Kilifi)

 

Leo sikuja kuhubiri kwamba nyuklia ni shetani. Stima tunaitaka, na bei ya tokeni kila mtu hapa anaijua. Nimekuja na neno moja tu: muda.

Mradi wa mtambo wa megawati 1,000 ulipotajwa Uyombo, watu waliuliza kuhusu samaki wa Watamu, mikoko ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Maswali halali kabisa. Sasa serikali inatazama Siaya pia, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na swali langu linawahusu wenzetu wa huko vilevile: taka zitalala wapi?

Sikizeni inavyokwenda. Mtambo wa ukubwa huo hutoa takriban tani 20 hadi 30 za mafuta yaliyotumika kila mwaka. Fimbo zile za urani zikitoka ni moto, na mnururisho wake unaua mtu akizikaribia bila kinga. Basi huzamishwa kwenye bwawa la maji miaka kadhaa zipoe. Kisha hutiwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma na zege, yakapangwa uwanjani. Hiyo ndiyo hifadhi ya muda. Na tuseme ukweli, mapipa yenyewe ni imara, tusitishane bure. Shida ni kwamba hakuna anayekuja kuyachukua.

Tazama Marekani. Sheria yao ya mwaka 1982 ilisema serikali kuu ianze kuchukua taka hizo ifikapo Januari 31, 1998. Wateja wakakatwa pesa kwenye bili kulipia kazi hiyo. Mlima Yucca ukachaguliwa, jimbo la Nevada likakataa, utawala wa Obama ukaachana nao. Leo tani kama 90,000 bado zinangoja, nyingi palepale zilipotoka. Kule Maine, mtambo wa Maine Yankee ulifungwa 1997 ukabomolewa. Hautoi stima hata ya kuchaji simu, lakini mapipa yapo na walinzi wapo! Kampuni za umeme zikaishtaki serikali zikashinda, na walipa ushuru wameshatoa zaidi ya dola bilioni 10 za fidia. Yaani mwananchi kalipa kwenye bili, akalipa tena kwenye kodi.

Wajerumani nao walizima mitambo yao ya mwisho Aprili 2023. Pale Gorleben kuna mapipa 113, na pa kuyazika bado panatafutwa.

Ufini ndiyo imefika mbali. Pale Olkiluoto wamechimba mwamba zaidi ya mita 400 kwenda chini. Lakini kabla bunge lao halijaidhinisha mwaka 2001, baraza la Eurajoki, wenyeji wa pale, liliulizwa kwanza. Kisheria wangesema hapana, ungekuwa mwisho wa mradi. Walikubali wakiwa na uwezo wa kukataa. Sisi nani katupa uwezo huo?

Kwa hivyo wakija na soda na fulana za "ushirikishwaji wa umma", msiulize ajira tu. Ulizeni "muda" umeandikwa miaka mingapi, na kwenye sheria ipi. Ulizeni nani atamlipa mlinzi wa pipa siku mtambo ukishafungwa. Wakisema nchi iliyotuuzia itazirudisha kwao, waambieni walete mkataba tuusome, kwa Kiswahili.

Katibu ana karatasi pale mlangoni. Kila mmoja aandike swali lake kabla hajatoka, na asahau habari ya sarufi.