Ndege Nyuki: Mmezijaribu Wapi?

Ndugu wakulima, leo tuzungumze juu ya ndege nyuki, zile ndege ndogo zisizo na rubani ambazo siku hizi hunyunyizia dawa mashambani. Ikiruka moja, kazi ni rahisi. Zikiruka kumi pamoja, je? Zitajuanaje ili zisigongane, wala mbili zisinyunyizie mstari mmoja huku mwingine ukikosa dawa?

Jibu ni kuzungumza. Kila ndege hutangaza kwa redio mahali ilipo na mwendo wake, nazo za jirani husikia na kujipanga. Mawasiliano hayo yakikatika, kila moja hubaki kama mtu aliyezibwa masikio.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, mjini Budapest, Hungaria, walieleza mwaka 2014 jinsi walivyorusha kundi la ndege 10 zikijiongoza zenyewe. Mwaka 2018 wakafikisha 30. Walifanyaje? Kwanza walizirusha ndani ya kompyuta, wakaiga humo na matatizo: upepo, ujumbe unaochelewa, vipimo vya mahali vinavyokosea. Kompyuta ikachagua mipangilio iliyofanya vizuri, ikaichanganya, ikachagua tena, kama sisi tunavyochagua mbegu msimu hadi msimu. Ndipo wakatoka uwanjani.

Sasa, mbona hawakuishia kwenye kompyuta? Hebu nieleze kosa langu. Msimu mmoja nilimshauri mama mmoja apande mahindi yaliyostawi sana katika vishamba vyetu vya majaribio. Kwake yakakauka. Vishamba vyetu vilimwagiliwa. Shamba lake lilingoja mvua. Akaja kuniuliza: "Bwana shamba, mliyajaribu wapi?" Sikuwa na la kusema.

Basi na ndege ni vivyo hivyo. Kompyuta inajua yale tu iliyoambiwa. Usipoiambia kwamba majani yaliyolowa hudhoofisha mawimbi ya redio, au kwamba kilima huyazuia, yenyewe haitajua. Lakini tusiidharau. Ndege ikianguka ndani ya kompyuta haivunjiki, wala haimwagi sumu kisimani. Majaribio yote mawili yanahitajika, la kompyuta likitangulia.

Kwa hiyo wakija watu wa ndege nyuki katika chama chenu, ulizeni mambo matatu. Kwanza, mmejaribu ngapi kwa pamoja, na katika shamba la namna gani? Pili, mawasiliano yakikatika ndege hufanya nini: husimama, hurudi, au huendelea kumwaga dawa? Tatu, mtakubali kuanza na maji matupu? Tandikeni karatasi mistarini, mkazitazame upesi kabla hazijakauka. Mtaona palipolowa mara mbili na palipobaki pakavu.

Yule mama aliuliza baada ya msimu kupotea. Ninyi ulizeni kabla. Kwaherini, na kazi njema.