Kuinua Gari ni Nusu ya Kazi

Wengi katika madarasa yetu ni madereva, utingo na mafundi wa gereji. Kwa hiyo leo hesabu yetu tutaifanyia chini ya gari. Weka daftari na penseli mbele yako.

Siku moja nilisafiri kwa Land Rover kwenda kutembelea madarasa ya vijijini. Gari lilikuwa limetoka gereji, limeinuliwa sentimita 5 ili lipite penye mawe na makorongo. Porini lilikwenda vizuri sana. Lakini tulipofika barabara ya lami, dereva alianza kuhangaika. Usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, na baada ya kila kona ilimbidi aurudishe kwa nguvu zake mwenyewe. Lori moja lilipotupita, upepo wake ulitusukuma hadi ukingoni. “Mwalimu,” akaniambia, “gari hili nikiliachia kidogo tu, linakwenda linakotaka.” Tena tulisikia mtetemo chini ya miguu yetu. Tulifika salama, lakini tungeweza kutofika.

Fundi alikuwa amefunga springi vizuri. Kosa lake ni kudhani kwamba kazi imekwisha.

Sasa tazama baiskeli. Bomba la usukani halikusimama wima, limelala nyuma kidogo. Ukiurefusha mstari wa bomba hilo mpaka chini, utagusa ardhi mbele ya mahali tairi linapogusa. Basi gurudumu huvutwa nyuma ya mstari ule, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba, na hujinyosha lenyewe. Gari nalo lina mlalo wa namna hiyo katika ekseli ya mbele. Mafundi huuita kasta, nao hupimwa kwa digrii. Kona ya ukurasa wa daftari lako ina digrii 90. Land Rover zenye springi za koili, zile zilizoanza mwaka 1983 na baadaye kuitwa Defender, zilipangiwa kasta ya digrii 3 tu. Ni kidogo, lakini ndiyo inayorudisha usukani.

Kwa nini kuinua gari kunaiondoa? Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayokwenda nyuma mpaka kwenye chesi. Ukiinua chesi, ncha ya nyuma ya kila mkono hupanda, na ekseli nzima huzunguka. Juu yake huja mbele, na pua ya difu, ambayo hutazama nyuma, huinuka.

Tufanye hesabu. Tuseme mkono una urefu wa sentimita 90, na ncha yake imepanda sentimita 5. Gawa 5 kwa 90, kisha zidisha kwa 57. Jibu ni kama 3. Zilikuwapo digrii 3, zimeondoka digrii 3. Imebaki sifuri! Kurekebisha tairodi hakuponyi ugonjwa huu.

Pengine utauliza, “Mimi sina mashine ya kupimia.” Chukua kipima pembe cha shule, ukifungie uzi wenye jiwe dogo. Kabla ya kuinua gari, lisimamishe mahali palipo sawa, ukiegemeze kipima pembe kwenye uso wa flenji ya difu, uandike namba unayoiona. Ukisha kuinua, pima tena mahali pale pale. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kasta iliyopotea. Asiyeandika namba ya kwanza hatakuwa na la kulinganisha.

Dawa zipo. Iko bushi yenye tundu lililokaa kando, iko mikono iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa, na yako mabano ya kushusha ncha ya mkono kwenye chesi. Kwa gari la springi za majani hutumika kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Zote huzungusha ekseli irudi nyuma.

Lakini hapa ndipo wengi hukwama. Ekseli ikirudi, pua ya difu hushuka, na propela imefungwa hapo. Kama propela ina krosi moja kila mwisho, pembe za miisho miwili zinatakiwa ziwe sawa, maana krosi iliyokunjika huzungusha kwa kasi na kwa polepole, mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kosa la ya kwanza, ila pembe zikilingana tu. Zikitofautiana, gari hutetemeka na krosi hufa mapema. Hata zikilingana, sasa ni kali kuliko zamani. Propela ya sentimita 65, gari likipanda sentimita 5, huongezewa kama digrii 4 kila mwisho.

Kama propela ina krosi mbili pamoja upande wa gia boksi, pua ya difu inatakiwa itazame sawasawa na propela. Hapo kasta inataka pua ishuke, na propela inataka pua ipande. Huwezi kuwaridhisha wote wawili kwa bushi. Ama punguza kimo, ama fundi hodari ageuze vichwa vya ekseli vinavyobeba magurudumu, na difu ibaki ilipo. Usiache kasta ili kuokoa propela: propela mbovu itakulaza njiani, usukani mbovu utakulaza kaburini.

Mwisho, weka magogo kwenye magurudumu ya nyuma na gia iwe huru. Inua chesi mpaka magurudumu ya mbele yaning’inie, uisimamishe juu ya stendi madhubuti, usiamini jeki peke yake. Zungusha propela kwa mkono. Ikikwama mahali, gari halijawa tayari kwa safari.

Haya ni maswali ya kujadiliana darasani:
1. Mkono una sentimita 80, gari limepanda sentimita 4. Ekseli imezunguka digrii ngapi?
2. Kwa nini namba ya kwanza iandikwe kabla ya kufungua hata nati moja?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.