Kulinganisha Matundu ya Manifoldi na ya Silinda Hedi



Injini, kama kiumbe mwenye uhai, huishi kwa kuvuta pumzi. Katika injini ya kabureta, hewa iliyochanganyika na petroli hupita katika manifoldi, ikaingia katika silinda hedi, mpaka kwenye vali. Hapo manifoldi na hedi zikutanapo, nguvu nyingi hupotea bure ikiwa fundi si mwangalifu.

Tundu la manifoldi likiwa kubwa kuliko la hedi, ukingo wa hedi husimama kama kizingiti na kuizuia hewa. Likiwa dogo kidogo, madhara huwa machache.

Basi fundi hodari hufanyaje? Huupaka uso wa hedi rangi ya buluu, huweka gasketi sawasawa na matundu ya bolti, kisha hukwaruza alama kwa ncha ya chuma kufuata ukingo wake. Manifoldi nayo huitenda vivyo hivyo. Halafu husaga polepole mpaka kwenye alama, akiingia ndani kiasi cha inchi 1, ili njia ibadilike taratibu pasipo ngazi.

Lakini ajihadhari na pupa. Nyuma ya ukuta wa hedi mna njia za maji. Ukuta ukitoboka, hedi nzima ni hasara. Tena asisage hedi ikiwa ingali juu ya injini, kwani chembe za chuma zikiingia katika silinda hukwaruza pistoni na kuta zake. Na aoshe kila kitu kabla ya kufunga.

Mwenda pole hajikwai.