SANDUKU PEKE YAKE HALIZUII DAMU
(Hotuba kwa wanachama waliokutana Mashuuru)



Leo hatusemi habari za mishahara. Twasema habari za zile dakika chache baada ya mwenzetu kuumia, kabla daktari hajamwona.

Kila mtu hapa aijua kazi yake. Tuko wapasua mawe, wachimba visima, wapakia mchanga, watu wa mashamba ya maua na wa viwanda, madereva na waendesha bodaboda wa njia ya Namanga. Mtu akikatika mshipa mkubwa wa damu aweza kufa kwa dakika tano hivi. Asiyevuta pumzi, ubongo wake huanza kuharibika baada ya dakika nne. Gari la wagonjwa likiitwa kutoka Kajiado, hata dereva akimbie namna gani, halifiki Mashuuru kwa dakika tano. Basi wa kumwokoa ni yule aliye karibu naye, yaani sisi wenyewe.

Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi na watu 213 wakafa mjini humo, wananchi waliokuwa karibu walikimbilia kufukua kifusi kwa mikono. Moyo wa kusaidia hatukuukosa siku ile, wala hatuukosi leo.

Lakini moyo bila mafunzo huweza kuua. Mtu akizimia kisimani kwa hewa mbaya, mwenzake humfuata ili amtoe, na wa tatu humfuata wa pili, wote wakabaki chini. Aliyefunzwa hashuki mpaka kuna kamba, watu wa kuvuta, na hewa safi ya kupumua huko chini. Tena angalia habari ya nyoka. Wengi bado huchanja jeraha kwa wembe na kufunga mguu kwa kamba kwa nguvu, na mambo hayo huzidisha madhara. Lifaalo ni kumtuliza mtu, kumvua pete na bangili, kuzuia mguu usitikisike, na kumpeleka hospitali upesi. Haya si elimu ya miaka mingi. Mtu aweza kufunzwa kwa siku chache.

Je, sheria zetu zasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika kwa urahisi, wala kisiwekwe ndani yake kitu kingine. Sanduku hilo liwe mikononi mwa mtu aliyefunzwa. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sharti pawe na kamati ya usalama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaongeza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, na hospitali inayokataa kumtibu mtu wa dharura yaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 3.

Ni sheria njema, na hatuzidharau. Lakini mahali pamoja tulipopita tulikuta sanduku limetiwa kufuli, ufunguo uko kwa meneja, na meneja yuko Nairobi. Lilipofunguliwa, mlikuwa na sukari na majani ya chai. Na hata sanduku likiwa kamili, tunauliza: mtu mmoja aliyefunzwa akiwa zamu ya mchana, usiku nani ataziba damu? Akienda likizo je? Na kibarua wa kisima, au mwendesha bodaboda asiye na tajiri, nani atamfunza?

Hapo ndipo sheria ilipo fupi, na ndipo tutakapo irefushwe. Tunadai mambo manne:

1. Kila zamu iwe na watu waliofunzwa, kwa kadiri ya wingi wa wafanyakazi na hatari ya kazi.

2. Mafunzo yawe katika saa za kazi, kwa gharama ya tajiri, bila kukatwa mshahara, na yarudiwe kila baada ya muda, maana mikono husahau.

3. Serikali ya kaunti itenge fedha za kuwafunza bodaboda, vibarua na wachungaji. Katiba imezipa kaunti kazi ya magari ya wagonjwa. Basi na wanaomshika mgonjwa kabla ya gari wakumbukwe.

4. Anayesaidia kwa nia njema akingwe na sheria. Bara Hindi walitia kinga hiyo katika sheria ya magari mwaka 2019.

Hatuombi miujiza. Ujerumani hapewi mtu leseni ya gari bila kufunzwa huduma ya kwanza. Na tusiseme ni mambo ya matajiri wa Ulaya: jirani zetu wa Kampala waliwafunza polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa zaidi ya 300 katika mwaka 2008.

Sheria haijitungi yenyewe, ndugu. Wabunge wetu na wawakilishi wa kaunti watakuja kuomba kura, nasi tuwaulize haya manne mbele ya watu. Lakini kesho asubuhi, kabla ya Bunge, kila mmoja aulize kazini kwake: sanduku liko wapi, ufunguo uko kwa nani, na nani kafunzwa? Majibu yaleteni tawini kwa maandishi. Kamati ikiwa haipo, tuidai. Ipo tayari kisheria.

Mwenzako akianguka, atakayemwona kwanza ni wewe. Tukufunze kabla ya siku hiyo.