Kusomea Eksirei: Niliyofundishwa na Niliyojifunza

Kamati iliniandikia barua ikiniomba nieleze masomo ya shahada ya eksirei, kwa kuwa vijana wetu husikia sana habari za udaktari, uhandisi na sheria, lakini fani hii hawaijui. Nimeifanya kazi hiyo katika hospitali za Serikali kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nilikubali bila kusita.

Kabla sijaendelea, nina deni la kulipa. Mwaka 1995 darasa letu la kidato cha tatu lilifyeka uwanja wa mpira Jumamosi mbili mfululizo, kwa sababu amita ya maabara ya fizikia ilikutwa imeungua na aliyeiunguza hakujitokeza. Ndugu zangu wa darasa lile, niliyeiunguza ni mimi. Niliiunganisha moja kwa moja kwenye betri, nikaona moshi, nikairudisha kabatini. Kisha nikachukua fyekeo kama ninyi, nikalalamika pamoja nanyi. Naomba radhi, ingawa nimechelewa miaka 30. Mtaona baadaye kwa nini nimeanza na jambo hilo.

Mwaka uleule mwalimu wetu wa fizikia alitueleza kwamba imetimia miaka 100 tangu eksirei zigunduliwe. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika bomba la kioo lililotolewa hewa. Bomba alikuwa amelifunika kwa karatasi nyeusi, lakini kibao kilichopakwa kemikali, kilichokuwa mbali kidogo, kiling'aa gizani. Hakujua ni miale gani, akaiita X, kama tunavyokiita kitu tusichokijua katika hesabu. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, ikaonyesha mifupa na pete kidoleni. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia, na ugunduzi wake hakuuchukulia hati miliki. Mimi niliposikia hayo, nilijua ninakotaka kwenda.

Nilianza na stashahada ya miaka mitatu, nikaajiriwa, kisha nikapewa ruhusa ya kwenda kusoma shahada. Watu wengi hudhani mtu wa eksirei kazi yake ni kubonyeza kitufe. Vijana, msidanganyike. Mwanafunzi wa shahada hii husoma anatomia mpaka aijue mifupa kama anavyozijua njia za kijijini kwao. Mtu mzima ana mifupa 206, na kila sehemu ya mwili ina namna yake ya kulazwa, kuinuliwa au kugeuzwa ili ionekane bila kufunikwa na nyingine. Husoma pia magonjwa, huduma kwa mgonjwa, na mitambo mingine kama ultrasaundi, CT na MRI.

Halafu iko fizikia, ambayo ndiyo inayowatoa wengi jasho. Ndani ya bomba la eksirei waya hupashwa moto, elektroni zinatoka, zinavutwa kwa nguvu ya maelfu ya volti na kugonga kipande cha madini ya tangsteni. Karibu asilimia 99 ya nguvu hiyo hugeuka kuwa joto tu, na kama asilimia moja ndiyo eksirei. Ndiyo maana hutumika tangsteni, ambayo haiyeyuki mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 3,400 za Sentigredi.

Wananchi wengi huogopa kwamba mionzi hubaki mwilini. Haibaki. Mtambo ukizimika, eksirei zimekwisha, kama mwanga wa taa unavyokwisha ukiizima. Lakini wakati inapopita mwilini yaweza kudhuru, na ndiyo sababu tunafundishwa kuipima. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa kama milisivati 0.02, wakati binadamu kwa wastani hupata milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Sisi wafanyakazi hatutakiwi kuzidi wastani wa 20 kwa mwaka, nasi huvaa kifuani kipimo kidogo kinachosomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, Arusha. Ukisimama mbali mara mbili, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo. Kanuni hiyo tuliisoma hapahapa kwa mshumaa na karatasi. Kwa hiyo mtaalamu mzuri ni yule anayepata picha sahihi mara ya kwanza, maana kila picha inayorudiwa ni mionzi ambayo mgonjwa hakuihitaji.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyofundishwa. Sasa niseme niliyojifunza.

Katika kila picha tunaweka herufi ndogo iliyotengenezwa kwa madini ya risasi: L kwa upande wa kushoto wa mgonjwa, R kwa upande wa kulia. Ni kitu cha kukaa kwenye ncha ya kidole. Picha ya kawaida ya kifua hupigwa mgonjwa akiwa amesimama na kukupa mgongo, kifua kimegusa kaseti, mabega yamesukumwa mbele ili mifupa yake isifunike mapafu, na mtambo uko nyuma yake umbali wa sentimita 180. Hapo kushoto kwake ni kushoto kwako. Ukipiga picha 40 za namna hiyo kwa siku, mkono hujiendea wenyewe.

Mwaka 2008 nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada, katika mafunzo ya vitendo kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Kwa kuwa nilikuwa na stashahada na nimekwisha kufanya kazi, nilijiona fundi. Alasiri moja, foleni ikiwa imefika nje, aliletwa kwa machela mzee mmoja mkulima aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Alihema kwa shida, mkono wake umeshika ubavu wa kushoto. Kusimama hakuweza. Nikamketisha palepale machelani, kaseti nyuma ya mgongo, mtambo mbele yake.

"Shikamoo mzee. Vuta pumzi kadiri uwezavyo, uishikilie."

Nikapiga. Filamu ilipotoka chumba cha giza, ilikuwa safi kabisa. Pafu moja lilikuwa limesinyaa, na hewa iliyotoroka imejaa kati yake na ukuta wa kifua, hata moyo umesukumwa upande wa pili. Nikaipeleka wodini ikiwa haijakauka, nikamwita anayefuata.

Aliyefuata alikuwa msichana. Alisimama, akanipa mgongo. Nilipokuwa nikibandika herufi kushoto, mkono ukasita. Mzee yule hakunipa mgongo. Alikuwa akinitazama usoni, kwa hiyo kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu, nami kwa mazoea nilikuwa nimebandika L upande wangu wa kushoto. Picha ilisema pafu lililosinyaa ni la kulia. Mzee alikuwa ameshika kushoto.

Kwa kawaida moyo humfichua aliyekosea, maana huelekea kushoto. Lakini moyo wa mzee ulikuwa umesukumwa, na kwa herufi yangu ulionekana uko mahali pake. Picha ilikuwa ya uongo, na haikuwa na dalili ya uongo.

Nilisimama pale na herufi mkononi. Hakuna aliyeniona. Wiki ile nilikuwa nikipimwa mtihani wa vitendo. Nikajiambia kwamba daktari atasikiliza kifua, atajua mwenyewe. Nami nawaambieni kweli, nilikumbuka amita. Na ile niliiunguza bila kuonwa na mtu. Lakini safari hii adhabu haikuwa ya kufyeka majani.

Nikamwomba msichana anisubiri, nikakimbia. Nilipofika wodini, picha imeangikwa kwenye taa, sinia la vifaa liko kando ya kitanda, daktari wa zamu amevaa glavu, na ubavu wa kulia wa mzee umekwisha kupakwa dawa, tayari kutobolewa ili uwekwe mpira wa kutolea hewa. Nikasema kwa sauti iliyosikika wodi nzima, "Daktari, nimekosea herufi. Kulia ni kushoto!"

Aliniangalia bila kusema neno. Akachukua kipimo chake, akasikiliza tena pande zote mbili. Kisha akasema taratibu kwamba masikio yake yalimwambia kushoto tangu mwanzo, lakini picha ikamwambia kulia, naye akaamini picha.

Mzee alikuwa amebakiwa na pafu moja zima, nalo ndilo lililokuwa linakaribia kutobolewa.

Mwalimu wangu wa vitendo alinitaka niandike maelezo kwa mkono wangu, kisha akaniangusha somo hilo. Wenzangu walivaa majoho mwaka ule, mimi nikabaki kurudia. Cheo kikachelewa, na mshahara nao. Wakati ule niliona nimeonewa, kwa kuwa nimeadhibiwa kwa kukiri, na kama ningenyamaza huenda nisingeulizwa. Leo mimi ndiye ninayesimamia wanafunzi, na bado sijakata shauri kama alizidisha ukali. Jambo moja tu nina hakika nalo: gharama ile naweza kuizungumza mbele yenu. Ile nyingine nisingeweza.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona mzee. Mpira ulikuwa umewekwa kushoto, na chupa chini ya kitanda ikitoa mapovu. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani ni wewe uliyeingia ukikimbia?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi kaa, ule embe. Ndizo hizo nilizokuwa nachuma."

Tangu siku ile, kabla sijabandika herufi, humwambia mgonjwa, "Nionyeshe mkono wako wa kushoto." Hata katika mitambo ya leo ya kompyuta, ambayo herufi yaweza kuongezwa baada ya picha kupigwa na kosa likawa jepesi zaidi, wanafunzi wangu wote hufanya hivyo.

Vijana, mkiipenda njia hii, shikeni Fizikia, Kemia na Biolojia, msizikimbie. Picha za tiba hufundishwa kwa shahada katika chuo kikuu kilichoko Bugando, Mwanza. Anayependa zaidi kumrudishia mtu nguvu za viungo kwa mikono yake na asome fiziotherapia, ambayo shahada yake hutolewa KCMC, Moshi. Njia zote mbili zina kazi, na wananchi wanatuhitaji. Ila ujueni ukweli huu: picha haina wa kuisahihisha ila yule aliyeipiga. Daktari hakuwepo chumbani. Mgonjwa hajui kuisoma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yetu, mficha kosa huweza kumuua asiyehusika. Kwa hiyo anzeni kujizoeza hapa shuleni, kwa mambo madogo. Ukivunja, sema umevunja.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta amita mbili mpya kwa ajili ya maabara. Moja ni ya deni, na ya pili ni riba. Ndugu zangu wa darasa langu, kama kuna fyekeo karibu na uwanja, jioni hii niko tayari kulishika.