Nani Anaitaja Gulwe? Linki na Nafasi ya Tovuti Zetu kwenye Google



Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza njia yao ya kupanga kurasa za intaneti. Ukurasa unaoelekezewa linki na kurasa nyingine hupata uzito, na uzito huo hutegemea anayeelekeza ni nani. Linki moja ya tovuti inayoheshimika huzidi mamia ya zile zisizosomwa na mtu. Leo Google inapima mengi zaidi, lakini linki bado zimo kwenye mizani.

Gulwe yetu, wilayani Mpwapwa, inatajwa mtandaoni, na mara nyingi sababu ni reli. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyoikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, yameandikwa na magazeti na wahandisi, wakiwemo wa JICA, shirika la maendeleo la Japani. Kisha ikaja reli ya kisasa, SGR, ambayo treni zake za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza mwaka 2024. Waandishi hao wanahitaji mahali pa kumwelekeza msomaji, na mahali hapo panapaswa kuwa petu.

Kikundi cha wauza alizeti au karanga kikifungua tovuti yenye picha za magunia na namba ya simu tu, mhariri hana sababu ya kuiwekea linki. Wekeni humo ukurasa unaoeleza usafiri wa kutoka stesheni ya Gulwe hadi Mpwapwa mjini, bei za mazao kila wiki, na hali ya Mto Kinyasungwe wakati wa mvua. Ukurasa huo utatajwa hata na mtu asiye na haja ya karanga zenu. Nao ukishapata uzito, utaugawia ukurasa wa bidhaa kupitia linki za ndani ya tovuti. Hii ndiyo kazi kubwa, na naisisitiza kuliko yote nitakayosema leo.

Linki nyingine huombwa, tena kwa wanaowafahamu: mnunuzi anayekamua alizeti yenu, halmashauri ya wilaya, kituo cha utafiti wa mifugo Mpwapwa kama mmeshirikiana nacho. Mwombeni kila mmoja aelekeze kwenye ukurasa mahususi, kwa maneno yanayoeleza kilichomo, kama “karanga za Gulwe”, badala ya “bofya hapa”. Msijisumbue kujaza linki Wikipedia; linki zake za nje huwekwa alama ya kuiambia mitambo ya kutafuta isizitilie maanani.

Mkipigiwa simu na mtu anayeuza linki elfu moja, mkatalieni. Aprili 2012 Google ilianza kuzishusha tovuti zilizopanda kwa linki za namna hiyo, mabadiliko yaliyojulikana kama Penguin, na hadi leo kununua linki kwa ajili ya kupanda ni kuvunja kanuni zake. Fedha ya kikundi ni jasho la wanachama, isiende huko.

Mwisho, lipieni jina la tovuti kila mwaka kabla muda haujaisha. Mkilazimika kubadili anwani, fundi aielekeze ya zamani kwenye mpya, ukurasa kwa ukurasa, ili linki mlizokwisha kupata ziendelee kuwaletea wasomaji.